Ubongo Ukivimba: Kiharusi na Chemchemi Iliyo Kichwani

Katika likizo ya Desemba iliyopita babu yangu alipatwa na kiharusi. Alianguka alfajiri ya Jumamosi alipokuwa akifungua zizi. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Siku ileile alifikishwa hospitali, na picha ya CT ilionyesha kuwa mshipa mmoja mkubwa wa upande wa kulia wa ubongo umezibwa. Jumapili alikuwa afadhali. Alitutaja majina, akauliza habari za ng'ombe, akanywa uji alioletewa na bibi mmoja jirani yetu. Jumatatu usiku akaanza kusinzia, akatapika, na Jumanne asubuhi tulipomwita hakuitika. Daktari alimwambia baba mdogo maneno mawili tu, “Ubongo umevimba.” Alhamisi babu akafariki.

Msibani maneno hayo mawili hayakumtosha mtu. Goti huvimba, na jicho huvimba, lakini ubongo ulio ndani ya mfupa utavimbaje, tena siku ya tatu, baada ya mgonjwa kupata nafuu? Wazee wakaanza kuwahesabu watu waliokwenda kumwona Jumapili, na hesabu ikaishia kwa yule bibi wa uji. Wasomaji wa mkoa huu wanajua hesabu ya namna hiyo huweza kufika wapi. Katika miaka ya 1990 na ya 2000 vikongwe wengi wa Usukumani waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote.

Baba mdogo si mtu wa kelele. Yeye aliniuliza swali moja, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma sayansi: “Kitu hakivimbi bila maji kuingia. Hayo maji yametoka wapi?” Sikuwa na jibu. Niliporudi hapa Songwa nilimpelekea swali hilo mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akanipa vitabu na makala za kusoma. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata. Nimeona vema niyaweke katika gazeti letu, maana katika masomo yetu ya darasani twajifunza sehemu za ubongo na kazi zake, na habari ya maji yake hupitwa kwa mstari mmoja au miwili.

Yatupasa kuanza na maji yenyewe. Ubongo haukukaa mkavu ndani ya fuvu. Unaelea katika maji meupe, maangavu kama ya chemchemi, ambayo huzunguka pia uti wa mgongo. Wataalamu huyaita ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo; mimi nitayaita maji ya ubongo. Mtu mzima anayo kiasi cha mililita 150 hivi, yaani chini ya kikombe kimoja cha chai. Lakini kwa siku moja hutengenezwa karibu nusu lita. Kwa hiyo maji hayo hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya asubuhi na asubuhi, mapya yakitoka na ya zamani yakirudi katika damu. Kazi yake ni kuukinga ubongo usigongwe na mfupa, kuupunguzia uzito wake, na kuchukua taka.

Chemchemi yenyewe iko ndani kabisa. Katikati ya ubongo mna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa vijia vyembamba. Katika kila chumba kimening'inia kitu kama kishada chekundu chenye mikunjo mingi. Hicho huitwa pleksasi ya koroidi. Ndani ya kishada mna vishipa vya damu vyenye matundu madogo madogo, na juu ya vishipa hivyo zimepangwa seli safu moja, zimebanana kama matofali yaliyotiwa saruji. Seli hizo husukuma chumvi kutoka upande wa damu hadi upande wa chumba, na maji huifuata chumvi. Ni jambo lilelile tulilolifanya maabara kwa vipande vya viazi katika somo la osmosisi. Palipo na chumvi nyingi ndipo maji yaendapo. Hakuna bomba wala pampu nyingine.

Safu hiyo ya seli ni chemchemi, lakini pia ni ukuta. Damu hubeba mambo mengi ambayo ubongo hauyataki: vijidudu, sumu, protini kubwa, hata chumvi ikizidi. Kwa hiyo kishada huruhusu kinachotakiwa na kukizuia kingine. Huo ni ukuta wa kwanza, ulio kati ya damu na maji ya ubongo. Ukuta wa pili ni mrefu zaidi, nao uko katika kila kishipa chembamba kinachopita ndani ya nyama ya ubongo. Sehemu nyingine za mwili vishipa kama hivyo huvuja kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Katika ubongo seli za kishipa zimeshikana bila nafasi, na kwa nje zimezungukwa na miguu ya seli nyingine zinazoitwa astrosaiti. Mwenye kuona zizi la miba lililofungwa barabara, lenye lango moja na mchungaji langoni, ameona mfano wake. Hewa ya oksijeni hupita bila kuulizwa. Sukari huingia kwa mlango wake maalumu. Dawa nyingi hurudishwa, na jambo hili huwasumbua sana madaktari.

Kuta hizi ziligunduliwa kwa rangi, na mimi napenda habari hii kuliko zote nilizozisoma. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alieleza kwamba rangi fulani zikitiwa katika damu ya mnyama, viungo vyote hupakwa rangi isipokuwa ubongo. Yeye mwenyewe alidhani ubongo haupendi rangi tu. Baadaye Edwin Goldmann, aliyesoma kwake, alitumia rangi ya buluu. Alipoitia katika damu, mnyama aligeuka buluu, hata kile kishada cha koroidi kikawa buluu, lakini ubongo ukabaki mweupe. Mwaka 1913 akaeleza jaribio la kinyume: rangi ileile ilipotiwa katika maji ya ubongo, ubongo uligeuka buluu na mwili ukabaki vilevile. Basi si kwamba ubongo unakataa rangi. Kuna ukuta katikati.

Sasa turudi kwenye kiharusi. Kiharusi ni cha namna mbili. Cha kwanza, mshipa wa ubongo huzibwa na donge la damu. Hiki ndicho kilichompata babu. Cha pili, mshipa hupasuka na damu kumwagika. Katika namna zote mbili watu wengi, nami nilikuwa mmojawapo, hudhani kwamba madhara ni yale ya pale pale: sehemu fulani imekosa damu, imekufa, na mkono unaotawaliwa nayo umelegea. Kumbe hilo ni la saa za kwanza tu. Madhara yanayoziandama kuta na maji huja nyuma yake, tena hayana haraka.

Mshipa ukizibwa, seli zilizo mbele yake hukosa oksijeni na sukari. Kila seli ina pampu ndogo za kutoa chumvi nje, na pampu hizo hutaka nguvu. Nguvu zikiisha pampu husimama, chumvi huingia, na maji huifuata. Seli huvimba moja moja. Lakini hapa ndipo swali la baba mdogo linapokuwa zito kuliko alivyojua mwenyewe. Maji yanayoingia katika seli hizo yalikuwa tayari nje yake, hapo hapo ubongoni. Yamehama tu. Kuhama kwake hakuufanyi ubongo mzima kuwa mkubwa, kama vile kumimina maji kutoka ndoo moja hadi nyingine hakuongezi maji ya nyumba. Ubongo mzima ukivimba, hapana budi maji mapya yawe yameingia kutoka mahali pengine.

Mahali pa kwanza ni maji ya ubongo yenyewe. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani na wenzao wa Ulaya walionyesha katika panya kwamba, dakika chache baada ya mshipa kuzibwa, vishipa vya jirani hujikunja na kuwa vyembamba, na katika nafasi inayobaki kandokando yake maji ya ubongo hukimbilia ndani ya nyama ya ubongo. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba maji yote ya mwanzo hutoka katika damu. Maji yaliyowekwa kuukinga ubongo ndiyo yanayotangulia kuuvimbisha.

Mahali pa pili ni damu, nayo hupita pale ukuta unapoharibika. Seli za vishipa nazo zimekosa chakula. Viungo vilivyozishikanisha hulegea. Seli nyeupe za damu huja kusafisha kilichokufa, na katika kusafisha hutoa vimeng'enya vinavyokata hata saruji ya ukuta. Sisi wa Kishapu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya ukuta kubomoka. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na nyumba za watu katika vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Ndani ya ubongo ukuta hauanguki wote mara moja namna hiyo. Kwanza huvuja chumvi na maji, kisha protini, na zikipita protini huvuta maji mengine nyuma yake. Kazi hii huchukua siku. Ndiyo maana katika kiharusi kikubwa cha kuzibwa mshipa uvimbe huongezeka hatua kwa hatua na kufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano, mara nyingi siku ya tatu au ya nne. Niliposoma mstari huo nilifunga kitabu, nikatoka nje ya maktaba kwa muda.

Na chemchemi je? Kile kishada hakisalimiki, ingawa huenda mshipa uliozibwa si wake. Katika majaribio ya panya ambao ubongo wao ulinyimwa damu kwa muda, seli za kishada zilionekana zikiharibika na ukuta wake ukivuja baada ya saa kadhaa. Tena kishada huwa lango. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walieleza kwamba katika panya waliopata kiharusi, baadhi ya seli za kinga huingia ubongoni kwa kupitia kishada cha upande ulioumia. Nyingine huja kusaidia na nyingine huzidisha mchochota, yaani ule wekundu, joto na uvimbe tunaouona kidole kikichomwa na mwiba. Kishada hicho hicho, kikiwa kizima, hutoa vitu vinavyozisaidia seli za ubongo kupona. Kwa hiyo kiharusi humjeruhi mgonjwa, na papo hapo humjeruhi mwuguzi wake.

Katika kiharusi cha kupasuka mambo huwa mabaya zaidi endapo damu itamwagika ndani ya vile vyumba vinne. Donge laweza kuziba kijia, maji yakakosa njia ya kutoka, na chemchemi haijui kwamba njia imezibwa, huendelea kutoa. Si hivyo tu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha katika panya kwamba damu ikigusa kishada hukitia mchochota, na kishada hutoa maji karibu mara tatu ya kawaida yake. Mtu angedhani chemchemi iliyoumia itakauka. Hii hufurika.

Kwamba kishada kinaweza kushughulikiwa na mikono ya binadamu kumethibitishwa karibu nasi kuliko tunavyodhani. Huko Mbale, mashariki ya Uganda, hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001, na daktari wa Kimarekani Benjamin Warf akawa akiwapasua watoto wenye kichwa maji. Wengi wao hawakupata kiharusi. Ugonjwa wao ulitokana na maambukizo ya utotoni. Njia ya kawaida ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji kichwani hadi tumboni, lakini mrija huziba, na mtoto wa kijijini aliye mbali na hospitali akizibiwa mrija hufa. Warf aliingiza chombo chembamba chenye taa, akatoboa njia mpya ya maji chini ya chumba cha tatu, kisha akakichoma kishada ili chemchemi ipungue. Mwaka 2005 alitangaza kwamba kwa watoto wachanga njia hizo mbili pamoja zilifaa kuliko kutoboa peke yake. Njia hiyo ilitoka Mbale ikaenda kufundishwa Marekani. Kwa kawaida twasoma juu ya elimu inayosafiri kuja huku. Hii ilisafiri kwenda kule.

Sasa kwa nini uvimbe uue? Goti likivimba, ngozi hutanuka. Fuvu halitanuki. Ndani yake mna vitu vitatu tu, ubongo, damu na maji, na kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue. Mwanzoni maji ya ubongo husukumwa yashuke kwenye uti wa mgongo, na damu ya vena hutoka, basi mgonjwa haonyeshi dalili. Huenda akaongea na kuuliza habari za ng'ombe. Nafasi hiyo ikiisha, uvimbe mdogo tu hupandisha kani ghafula. Mgonjwa husinzia, hutapika, na hatimaye shina la ubongo linaloongoza pumzi hubanwa kwenye tundu la chini ya fuvu. Nafuu ya Jumapili ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa nafuu ya mtu ambaye maji yanapanda nyumbani kwake na hayajafika kitandani.

Madaktari wana mambo ya kufanya. Donge laweza kuyeyushwa kwa dawa, lakini ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili za kwanza, na baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Huinua kichwa cha mgonjwa, na hutumia dawa za kuvuta maji. Wengine hufunguliwa sehemu ya fuvu ili ubongo upate pa kuvimbia. Mwaka 2007 majaribio matatu ya Ulaya yalijumlishwa pamoja: kati ya wagonjwa wa uvimbe mkubwa waliofunguliwa fuvu ndani ya siku mbili, 78 katika kila 100 walikuwa hai baada ya mwaka, na kati ya wasiofunguliwa walikuwa 29. Hao walikuwa watu wasiozidi miaka 60. Babu alikuwa amepita 70.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya wazee wa kijijini tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 kiharusi kilihesabiwa katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo mzizi mkubwa. Wala kumsingizia mtu si desturi ya mashambani peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa mahali hapo hapo pawili chanzo cha kiharusi. Wa Hai wengi walitaja shinikizo la damu, mafuta na mawazo. Waliotaja sana majini na uchawi walikuwa wa Dar es Salaam. Nilipowasomea wenzangu wa bweni habari hii, wale wa mjini walinyamaza.

Hata watoto hupata kiharusi. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na seli zao za damu zenye umbo la mundu huharibu mishipa ya ubongo. Madaktari wa Bugando, Mwanza, hupima kwa mawimbi ya sauti mwendo wa damu katika mishipa hiyo. Ukizidi sentimita 200 kwa sekunde mtoto yuko hatarini, na wamekuwa wakitumia dawa ya haidroksiyurea kuupunguza kabla kiharusi hakijaja.

Imebaki habari ya uji. Mwalimu aliniuliza kwanza kama babu alikohoa alipokunywa, kwa maana kiharusi hulegeza pia koo, na mgonjwa akipewa chakula kabla hajapimwa kumeza, chakula chaweza kuingia mapafuni. Hilo ni la kujua kila anayemwuguza mtu. Nilimjibu kwamba mwuguzi alikuwa amempima kwa maji asubuhi ile, alikaa wima, hakukohoa, wala hakupata homa.

Katika likizo ya Aprili nilimchorea baba mdogo vyumba vinne, kishada na kuta mbili. Aliitazama picha muda mrefu. Akasema, “Basi hata asingekunywa uji?” Nikamwambia hata asingekunywa kitu, siku ya tatu ingefika. Akaniagiza niende na daftari langu kwa yule bibi, kwa kuwa tangu matanga alikuwa hachoti maji kisima cha karibu nasi, bali huenda cha mbali. Nilimkuta akipepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza chochote juu ya maji wala kuta. Aliuliza tu kama babu aliumia sana. Nikamweleza nilivyosoma, kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu, ila ngozi zinazoufunika ndizo husikia, na kwamba tangu Jumatatu usiku babu alikuwa amelala.